Bonde la Bahari ya Chumvi: ufa unaopishana, si unaopanuka

Vizazi vya wanafunzi wa Afrika Mashariki vimesoma katika vitabu vya jiografia kwamba Bonde Kuu la Ufa huanzia kaskazini, huko Syria na Jordan, likapita katika Bahari ya Sham na Ethiopia, likakata Kenya na Tanzania, na hatimaye likaishia Msumbiji. Katika ramani ya ukutani huonekana kuwa mkato mmoja mrefu, kana kwamba dunia ilipasuka siku moja kutoka juu hadi chini.

Kwa macho, maelezo hayo hayana kosa kubwa. Msafiri anayesimama ukingoni juu ya Mai Mahiu, nchini Kenya, na mwenzake anayesimama juu ya miinuko ya Jordan akilitazama Bonde la Araba, wote wawili huona mambo yanayofanana: ardhi inayoporomoka ghafla, tambarare kame chini yake, na ukuta mwingine wa mawe ng'ambo ya pili.

Lakini ardhi iliyo chini ya mabonde hayo mawili haifanani. Uchunguzi wa kisayansi uliofanywa mwaka 2000 katika maeneo ya Wapalestina, Israel na Jordan ulionyesha kwamba bonde la kaskazini halikuumbwa kwa kutanuka kama lile la Afrika Mashariki. Limeumbwa na vipande viwili vya dunia vinavyopishana ubavu kwa ubavu. Tofauti hiyo ina uzito wake kwa mamilioni ya watu wanaoishi Amman, Jerusalem, Nablus, Yeriko na Aqaba.

Wazo la bonde moja

Jina la Bonde Kuu la Ufa lilienezwa na mwanajiolojia wa Uingereza, John Walter Gregory, aliyefika Ziwa Baringo mwaka 1893 na kuchapisha kitabu chake miaka mitatu baadaye. Kabla yake, mwaka 1891, mtaalamu wa Austria, Eduard Suess, alikuwa tayari ameyaunganisha mabonde ya Afrika Mashariki na lile la Bahari ya Chumvi katika mfumo mmoja. Kwa mtazamo wa wakati huo, ardhi ya katikati ilidhaniwa kuwa imedidimia baina ya nyufa mbili, kusini na kaskazini vilevile.

Shaka zilijitokeza kutokana na mawe yenyewe. Wanajiolojia waliofanya kazi pande zote mbili za Bonde la Araba waligundua kwamba matabaka ya miamba hayakabiliani kama inavyotarajiwa. Miamba ya upande wa mashariki hufanana na ile ya magharibi iliyo mbali sana upande wa kusini. Mfano unaotajwa mara nyingi ni wa madini ya shaba. Machimbo ya kale ya Timna, karibu na Ghuba ya Aqaba, yamo katika miamba ya aina moja na ile ya Feinan, nchini Jordan, ilhali Feinan ipo takriban kilomita 100 kaskazini zaidi.

Mmoja wa waliotetea kwa nguvu maelezo ya kupishana ni mwanajiolojia A. M. Quennell, ambaye jina lake si geni katika historia ya Afrika Mashariki: ni miongoni mwa waandishi wa muhtasari wa jiolojia ya Tanganyika uliochapishwa mwaka 1956. Katika maandishi yake ya mwishoni mwa miaka ya 1950, Quennell alieleza kwamba upande wa mashariki wa Bahari ya Chumvi umesogea kuelekea kaskazini kwa kilomita 107, na kwamba mwendo huo ulifanyika kwa awamu mbili. Wachunguzi waliomfuata wamekubali kipimo cha takriban kilomita 105.

Ufa wa kupishana ni nini?

Mwaka 1965 mtaalamu wa Canada, John Tuzo Wilson, alieleza katika jarida la Nature kwamba kuna aina maalumu ya nyufa zinazotenganisha mabamba ya dunia bila kuyapanua wala kuyagonganisha. Katika nyufa hizo ardhi mpya haizaliwi na ardhi ya zamani haimezwi. Mabamba hupishana tu.

Mfano wake ni mabasi mawili yanayokutana kwenye barabara nyembamba na kukwaruzana ubavu. Hakuna linalomsukuma mwenziwe nyuma, lakini bati la pande zote mbili hujikunja, na pale yanaponasana husimama mpaka nguvu ya injini iyanasue kwa kishindo.

Hivyo ndivyo ilivyo kwa Bamba la Uarabuni na Bamba la Afrika. Bamba la Uarabuni, linalobeba nchi za Ghuba, Yemen na sehemu kubwa ya Oman, linajitenga na Afrika kwenye Bahari ya Sham na Ghuba ya Aden, na kusogea kaskazini hadi kujibana dhidi ya Iran na Uturuki. Ili liweze kwenda kaskazini, ubavu wake wa magharibi hauna budi kujikwaruza dhidi ya Afrika. Mstari wa mkwaruzo huo ndio ufa wa Bahari ya Chumvi. Una urefu wa takriban kilomita 1,000, kutoka Ghuba ya Aqaba, kupitia Bonde la Araba, Bahari ya Chumvi, Mto Jordan na Ziwa la Galilaya, hadi Lebanon, Syria na mpaka wa kusini wa Uturuki.

Mtu akisimama upande wa magharibi na kutazama mashariki, ardhi ya ng'ambo inasogea kushoto kwake, yaani kaskazini. Vipimo vya setilaiti vinaonyesha kwamba kasi yake ni milimita 4 hadi 5 kwa mwaka. Kiasi hicho hakifiki urefu wa punje ya mchele.

Swali moja hubaki: ikiwa mabamba yanapishana tu, shimo la Bahari ya Chumvi limetoka wapi? Jibu ni kwamba ufa haukunyooka. Kusini mwa bahari hiyo mstari mkuu unafuata ukingo wa mashariki, na kaskazini mwake unahamia ukingo wa magharibi. Ardhi iliyobaki katikati ya mistari hiyo miwili huvutwa na kudidimia, nalo shimo hujazwa matope na chumvi. Ndiyo maana ufuo wa bahari hiyo, ulio zaidi ya mita 430 chini ya usawa wa bahari nyingine, ndio sehemu ya chini kuliko zote katika nchi kavu duniani.

Kuisikiliza ardhi

Kupima miamba ya juu ni jambo moja. Kujua ufa unashuka mpaka wapi ni jambo jingine, kwani hakuna mashine iliyowahi kuchimba hata nusu ya unene wa ganda la bara. Kwa hiyo wanasayansi hufanya kama fundi anayegonga ukuta kwa kifundo cha kidole ili ajue palipojaa na palipo na uwazi.

Ganda la dunia hugongwa kwa baruti inayolipuliwa ndani ya mashimo, au kwa malori mazito yenye sahani ya chuma inayotetemesha ardhi. Mawimbi husafiri chini, na kila yanapofika kwenye mpaka wa matabaka mawili, sehemu yake hurudi juu na nyingine hupinda na kuendelea. Vipokeaji vidogo vilivyopangwa kwa mstari mrefu hurekodi wakati mawimbi yanapowasili.

Katika ganda la bara mawimbi husafiri kwa takriban kilomita 6 kwa sekunde. Yakifika katika tabaka la chini yake, linaloitwa manteli, kasi hupanda hadi kilomita 8 hivi. Mpaka ambapo kasi hubadilika ghafla huitwa Moho, kwa kumbukumbu ya mtaalamu wa Croatia, Andrija Mohorovičić, aliyeugundua mwaka 1909. Kwa kujua kina cha Moho, mtu hujua unene wa ganda.

Kabla ya mwaka 2000, vipimo vya aina hii vilikuwa vimefanywa Israel kwa upande wake na Jordan kwa upande wake. Ufa wenyewe ukawa umeangukia kwenye mpaka wa nchi, na hakuna mstari wa vipokeaji uliokuwa umeukata kutoka upande mmoja hadi wa pili.

Pengo hilo lilizibwa na mradi uliopewa jina la DESERT, ulioongozwa na kituo cha utafiti wa sayansi ya dunia cha GFZ, mjini Potsdam, Ujerumani, kwa ushirikiano na wataalamu wa Jordan, Israel na Wapalestina, wakiwemo wa Chuo Kikuu cha An-Najah cha Nablus. Katika miezi ya kwanza ya mwaka 2000 walitandaza mstari wa vipimo wenye urefu wa kilomita 260, kutoka pwani ya Mediterania hadi nyanda za juu za Jordan, ukilikata Bonde la Araba katikati. Mwishoni mwa Septemba mwaka huohuo Intifada ya pili ilianza. Laiti kazi hiyo ingecheleweshwa kwa msimu mmoja, huenda isingefanyika kabisa.

Kilichoonekana chini

Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. La kwanza ni kwamba ufa hauishii katika miamba ya juu. Unalikata ganda lote, na katika sehemu ya chini ya ganda unakuwa mpana zaidi. Uchunguzi mwingine wa mawimbi ya matetemeko ya mbali ulionyesha kwamba hata ndani ya manteli kuna ukanda mwembamba, wenye upana wa takriban kilomita 20, unaobeba alama za mkwaruzo huo.

La pili ni kwamba mwamba-msingi, ule mwamba wa kale ulio chini ya matabaka ya mchanga na chokaa, haulingani kwa kina pande mbili za ufa. Kuna tofauti ya kilomita 3 hadi 5. Isitoshe, katika sehemu ya chini ya ganda yalionekana matabaka yanayorudisha mwangwi mkali kwa upande mmoja tu wa ufa. Ni kama vipande viwili vya nguo tofauti vilivyoshonwa pamoja.

La tatu ndilo lililogusa moja kwa moja somo la Bonde la Ufa. Unene wa ganda unaongezeka taratibu, kutoka kilomita 26 katika pwani ya Mediterania hadi kilomita 39 chini ya nyanda za juu za Jordan. Chini ya bonde lenyewe, mpaka wa Moho umepinda kidogo tu. Ganda halikukonda pale kwa namna ambayo ingetarajiwa iwapo ardhi ingekuwa imetanuliwa. Utafiti uliofuata kuanzia mwaka 2006, uliopita juu ya shimo la Bahari ya Chumvi lenyewe, ulitoa picha inayokaribiana na hiyo: matope na chumvi vina unene wa zaidi ya kilomita 8, lakini chini yake Moho haikuinuka ila kwa kiasi kidogo.

Aidha, wataalamu walipima jinsi umeme unavyopita ardhini katika Bonde la Araba. Upande wa magharibi wa ufa umeme ulipita kwa urahisi, dalili ya maji ya chumvi yaliyo ndani ya miamba. Upande wa mashariki ulikuwa mgumu kupitisha. Maana yake ni kwamba ufa huo ni kama ukuta unaozuia maji ya chini ya ardhi yasivuke, jambo lisilo dogo katika eneo ambalo kila kisima kina mgogoro wake.

Kenya ni kinyume chake

Msomaji anaweza kulinganisha matokeo hayo na yale ya Kenya. Kati ya mwaka 1985 na 1994, mradi wa kimataifa ujulikanao kama KRISP ulipima Bonde la Ufa la Kenya kwa njia hiyohiyo, baadhi ya milipuko ikifanywa ndani ya maziwa. Ganda lilionekana kuwa na unene wa takriban kilomita 35 chini ya eneo la Naivasha, na kilomita 20 tu chini ya Turkana. Chini ya bonde hilo, kasi ya mawimbi katika manteli ilishuka hadi kilomita 7.5 au 7.7 kwa sekunde, ilhali nje ya bonde ilifika 8. Mawimbi huenda polepole katika mwamba wenye joto kali, ulioanza kuyeyuka.

Hiyo ndiyo tabia ya ardhi inayovutwa pande mbili. Donge la unga wa chapati likivutwa hukonda katikati, na katika dunia, kile kilicho cha moto chini yake hupanda kujaza nafasi. Ndiyo maana Afrika Mashariki ina Longonot na Ol Doinyo Lengai, na ndiyo maana tangu mwaka 1981 Kenya imezalisha umeme kwa mvuke wa Olkaria. Bonde la Araba halina volkano hai.

Haina maana kwamba ardhi inayotanuka ni salama. Tarehe 6 Januari 1928 Subukia, nchini Kenya, ilikumbwa na tetemeko la kipimo cha 6.9. Lakini katika ufa wa kupishana, mabamba yaliyonasana kwa mamia ya kilomita huweka akiba ya nguvu kwa karne nyingi, kisha huiachilia kwa dakika moja.

Ngome iliyokatwa

Ushahidi wa tabia hiyo umo katika historia iliyoandikwa. Kaskazini mwa Ziwa la Galilaya kuna mabaki ya ngome ambayo Wapiganaji wa Msalaba walianza kuijenga mwaka 1178, bila kujua kwamba waliiweka juu ya ufa wenyewe. Salahuddin aliiteka mwaka uliofuata. Leo ukuta wake, uliojengwa kwa mstari ulionyooka, umekatika, na kipande cha mashariki kimesogea kaskazini kwa mita 2.1. Wachunguzi wanasema kwamba mita 1.6 kati ya hizo zilitokea katika tetemeko la mwaka 1202, na zilizosalia katika tetemeko la baadaye.

Mwaka 749 tetemeko liliangusha mji wa Baysan. Mwaka 1068 mji wa Aila, ambao ni Aqaba ya leo, uliharibiwa. Tarehe 11 Julai 1927 tetemeko la kipimo cha 6.2 hivi liliua mamia ya watu Palestina na ng'ambo ya Mto Jordan, na kubomoa nyumba nyingi za Nablus. Tarehe 22 Novemba 1995 Ghuba ya Aqaba ilitikiswa na tetemeko lililozidi kipimo cha 7, lakini lilitokea chini ya bahari, mbali na miji mikubwa.

Kumbukumbu ndefu zaidi imetunzwa na Bahari ya Chumvi yenyewe. Mwaka 2010 na 2011 wanasayansi walichimba katika sakafu yake na kutoa nguzo ya matope yenye urefu wa zaidi ya mita 400. Katika matope hayo, kila tetemeko kubwa liliacha matabaka yaliyovurugika. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2020, ukihusu kipindi cha miaka 220,000, ulionyesha kwamba matetemeko ya kipimo cha 7 au zaidi hutokea mara kwa mara kuliko ilivyodhaniwa, kwa wastani wa miaka 1,400 au chini yake, na wakati mwingine hufuatana kwa karibu.

Hesabu ya milimita tano

Wataalamu wengi huhesabu kwamba tetemeko kubwa la mwisho kulivunja Bonde la Jordan, kati ya Bahari ya Chumvi na Galilaya, lilikuwa lile la mwaka 1033. Ikiwa mabamba yanasogea kwa milimita 5 kila mwaka na sehemu hiyo imenasa tangu wakati huo, basi mwendo unaokaribia mita 5 umejilimbikiza. Sehemu yake huenda imepungua kwa matetemeko madogo na ya wastani. Lakini hakuna anayedai kwamba deni lote limelipwa.

Hapa ndipo picha ya ganda inapokuwa na faida kwa wasio wanasayansi. Anayejua kasi ya mawimbi katika kila tabaka huweza kutaja kwa usahihi kitovu cha tetemeko. Anayejua mahali mwamba mgumu ulipo karibu na mahali matope ni mazito huweza kusema ni mtaa gani utatikisika zaidi, kwani matope laini huukuza mtikisiko. Hata hivyo, sayansi haiwezi kutaja siku wala saa.

Lililo mikononi mwa binadamu ni majengo. Mwaka 2005 Israel iliidhinisha mpango wa kuimarisha nyumba zilizojengwa kabla ya mwaka 1980, na mwaka 2022 ilizindua mfumo wa tahadhari ya mapema. Mwaka 1927 Amman ilikuwa mji mdogo. Leo ni jiji la watu zaidi ya milioni 4, lililopanda vilima vyake ghorofa juu ya ghorofa.

Tarehe 6 Februari 2023 ulimwengu ulishuhudia ufa wa kupishana unavyoweza kufanya pale majengo yanapokuwa dhaifu. Ufa wa Anatolia ya Mashariki, unaokutana na ufa wa Bahari ya Chumvi katika eneo la Hatay, ulivunjika kwa tetemeko la kipimo cha 7.8. Zaidi ya watu 50,000 walikufa Uturuki, na maelfu wengine Syria. Wengi wao waliuawa na zege la nyumba zao wenyewe wakiwa usingizini.

Mwalimu wa jiografia wa Nakuru au Dodoma anaweza kuendelea kuitumia ramani ileile ya ukutani. Ila mkono wake unapofika Aqaba ukielekea kaskazini, itafaa abadilishe rangi ya chaki na kuwaeleza wanafunzi sababu. Kwa wakazi wa Yeriko na Nablus sababu hiyo si somo la mtihani. Babu na bibi zao waliiona siku ya tarehe 11 Julai 1927, na ufa uliowaangushia nyumba bado unasogea chini ya mashamba yao, milimita 4 au 5 kila mwaka, bila kujali mpaka umechorwa wapi.